Barua kwa Mwanangu: Saa Uliyopewa na Shangazi

Mwanangu mpenzi,

Nimezitazama picha za ile saa ndogo ya mkono uliyopewa na shangazi yako. Unauliza ni ya mwaka gani, nami siwezi kukujibu kwa kuutazama uso wake peke yake, kwa sababu jina lililoandikwa usoni huenda ni la muuzaji tu: zamani makampuni mengi ya Uswisi yalinunua mitambo, yaani mashine ya ndani ya saa, kwa watengenezaji kama A. Schild, yakaitia katika makasha yaliyofuliwa na watu wengine kabisa. Kwa hiyo kasha lina historia yake, na mtambo una yake.

Mpelekee fundi saa akufungulie kifuniko cha nyuma; usikibandue mwenyewe kwa kisu. Ukikuta tarakimu 585 ndani yake, dhahabu ni sehemu 585 katika kila 1,000, yaani karati 14, na 750 ni karati 18. Makasha ya zamani ya Uswisi yaligongwa pia kichwa cha kindi kwa dhahabu ya karati 14, na kichwa cha mwanamke kwa ile ya 18, vidogo hata huvioni bila kioo cha kukuzia. Pakiandikwa mikroni, yaani kipimo cha unene wa tabaka la dhahabu, basi hiyo ni metali nyingine iliyovikwa dhahabu. Vikwaruzo vyembamba kama vya sindano si uharibifu; mafundi walikuwa wakiandika humo namba na tarehe za matengenezo yao, na pengine tarehe hizo ndizo zitakazokusaidia kuliko kitu kingine chochote. Wala usisugue chochote. Saa ya bibi yako niliisugua mgongo kwa dawa ya kung'arishia mpaka alama yake ikafutika, na hadi leo hatujui ilikuwa dhahabu ya namna gani.

Kwenye mtambo, namba ya aina yake mara nyingi imegongwa chini ya gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huku saa inapotembea, mahali ambapo mwenye haraka hapaoni. Maneno ya mawe 17 yasikutie tamaa: ni yakuti za kutengenezwa kiwandani, zilizowekwa ili ekseli zisilike, na thamani yake ni ndogo mno.

Jambo moja linanitia wasiwasi. Ikiwa mishale yake ina rangi ya kung'aa gizani, huenda ni radiamu, kitu chenye mionzi, iliyotumika mpaka miaka ya 1960; usiifungue kioo wala usiikwangue rangi hiyo, kwani vumbi lake lina madhara likivutwa. Herufi T mbili zikiwa pembeni mwa neno Swiss, chini ya namba 6, basi ni tritiamu, kitu kingine cha kung'arisha mishale gizani, kilichokuja baadaye.

Usiendelee kuitia ufunguo kabla haijasafishwa, kwa kuwa mafuta yaliyokauka hufanya vyuma vyake vilike. Siku fundi atakapoifungua, piga picha ya upande wa gurudumu la mizani kwa karibu, unitumie.

Mama yako