Mawenzi umeihamishia wapi?

Moshi, Jumapili jioni

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Picha zako 12 zimefika, nami nimezitazama mara mbili, usiku na leo mchana. Ulisema nisikuonee haya, basi kunywa chai kwanza ndiyo usome.

Tuanze na mlima, maana hapo umenichekesha. Umeandika "Kilimanjaro kutoka Moshi", lakini kati ya vilele vyake viwili, Mawenzi iko kushoto kwa Kibo! Mimi tangu utoto naamka naiona Kibo kushoto, Mawenzi kulia. Anayetaka kuziona kinyume avuke mpaka, akasimame Amboseli, kule Kenya. Najua ulichofanya: mgomba ulikusumbua upande ule, ukaigeuza picha nzima kama kwenye kioo. Kwa mpangilio hukukosea, mgomba umetulia sasa. Ila ukiitundika ukutani, Mchagga wa kwanza kupita hatauona mwanga wala mawingu, atabishana nawe tu. Irudishe ilivyokuwa, na mgomba ukate kwenye picha.

Halafu ile lenzi pana. Kibo ina mita 5,895, lakini kwako imekuwa kichuguu nyuma ya shamba. Lenzi pana hukuza kilicho karibu na kusukuma mbali kilicho nyuma. Hapa ilitaka lenzi ndefu, na kuamka saa kumi na mbili asubuhi kabla mlima haujajitanda mawingu. (Najua wewe na kuamka.)

Ya Minara Miwili, lile kanisa la Kikatoliki la Mji Mkongwe Zanzibar, sikukuelewa. Minara imeinamiana kama wazee wanaonong'onezana. Ulisimama chini kichochoroni ukainua kamera, na kamera ikielekezwa juu, mistari ya jengo hukutana. Kurudi nyuma huwezi, kichochoro chenyewe unakijua. Omba ruhusa upande paa la nyumba ya jirani, ushike kamera sawasawa. Ukinyoosha kwa programu, ujue kingo zitakatwa, kwa hiyo acha nafasi pembeni unapopiga.

Sasa ule mlango wa nakshi. Wallahi, huo ningeununua. Jua limepita ubavuni, kila ua lililochongwa lina kivuli chake, njumu za shaba zinang'aa bila kuunguza picha. Ungepiga jua likiwa utosini, mbao ingekuwa bapa kama sinia. Swali moja tu: yule paka kwenye baraza ulimwona kabla ya kubonyeza? Kama ulimwona, mkia wake umeukata kwa nini? Kama hukumwona, una bahati, nenda kesho ukamsubiri.

Zile tano za machweo Forodhani chagua moja. Mimi ningebaki na yenye jahazi, japo upeo wa bahari umelalia kulia kidogo, unyooshe.

Njoo Januari ulale kwetu, tuutafute mlima alfajiri pamoja. Blanketi lipo. Wewe lete lenzi ndefu na pweza mkavu.

Ni mimi,
Mchagga wako