Mshambuliaji majeruhi asirudishwe uwanjani kwa kelele za jukwaani

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo ambalo kila msimu wa Ligi Kuu ya Zanzibar tunalizungumza barazani lakini sijaliona likijadiliwa kwa kina magazetini, nalo ni namna klabu zetu zinavyowashughulikia washambuliaji wanaoumia. Hoja yangu ni moja. Mchezaji kuumia mara ya kwanza ni kadari, tena ni sehemu ya mchezo wenyewe. Kuumia mara ya pili pahala pale pale, ndani ya miezi michache, aghalabu hutokana na uamuzi wa watu tunaowajua kwa majina na vyeo vyao, na huko kuumia kwa pili ndiko kunakowamaliza vijana wetu.

Msimu uliopita hapa Pemba tulikuwa na kijana mmoja, mshambuliaji wa kati, mrefu na mwepesi wa kugeuka, ambaye kabla ya mzunguko wa kwanza kumalizika alikuwa ameshaanza kutajwa miongoni mwa wanaowania ufungaji bora. Simtaji jina wala siitaji klabu yake, kwa kuwa sikukusudia kumshitaki mtu gazetini. Aliumia goti bila ya kuguswa na beki yeyote: aliruka kupiga kichwa, akatua kwa mguu mmoja, goti likaingia ndani. Alitolewa kwa machela, akafungwa bandeji, na usiku ule ule akapelekwa kwa mkandaji. Wiki sita baadaye uvimbe ulikuwa umeshuka na kijana anatembea bila ya kuchechemea, basi uongozi ukamwambia kwamba timu inamhitaji kwa mechi ya Jumamosi.

Siku hiyo nilikuwa nimekaa karibu na benchi. Wakati wa mapumziko nilimwona ameketi juu ya kasha la maji, mguu ameunyoosha, mwenzake anamzungushia bandeji ya pili juu ya ile ya kwanza, na kiongozi mmoja amemwinamia akimuuliza kama ataweza kuongeza robo saa tu. Akakubali. Kijana wa umri ule, mbele ya mtu anayemlipa posho na mbele ya jukwaa linaloliimba jina lake, angejibu nini? Dakika chache baada ya kipindi cha pili kuanza alikuwa katika mbio, akataka kusimama ghafla ili ageuke upande wa pili, na hapo ndipo alipoanguka. Hadi leo hajacheza tena. Barazani zikatoka tafsiri mbili, moja kwamba mifupa yake ni dhaifu, na ya pili kwamba amehusudiwa. Zote mbili ziliwafaa sana viongozi, maana hakuna hata moja iliyouliza ni nani aliyemruhusu kucheza.

Naomba nifafanue kidogo kilichomo ndani ya goti, kwa sababu bila ya kukijua tutaendelea kuwalaumu wasiostahiki. Katikati ya goti mna kano mbili zilizopishana, na ile ya mbele ndiyo inayouzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja. Mara nyingi kano hii hukatika mchezaji akiwa peke yake, anaposimama ghafla, anapogeuka au anapotua baada ya kuruka, na hizo ndizo kazi za mshambuliaji kutwa nzima. Ikikatika kabisa, kwa kawaida haijiungi yenyewe kwa kufungwa bandeji au kukandwa maji ya moto. Daktari huchukua kano nyingine kutoka mwilini mwa mgonjwa yule yule, chini ya pia ya goti au nyuma ya paja, akaipandikiza pahala pa ile iliyokatika, nayo huhitaji miezi mingi kabla ya kuweza kuhimili mzigo. Kinachotudanganya ni kwamba maumivu na uvimbe huondoka mapema sana, wakati nguvu bado haijarudi. Mtu anaweza kwenda sokoni, akasali, akapanda ngazi, na akaona amepona, hali ya kuwa goti lake haliwezi kustahamili hata mara moja kile ambacho mchezo utalidai. Tafiti za wanariadha waliofanyiwa upasuaji huu zimeonesha kwamba wanaorudi kabla ya kutimia miezi tisa huumia tena kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko waliosubiri.

Kila nikilisema hili, vijana hunijibu kwa mfano wa Ronaldo wa Brazil, yule wa mwanzo: mbona yeye aliumia na akarudi kuchukua Kombe la Dunia? Ni mfano mzuri, lakini wanausimulia nusu. Tarehe 21 Novemba 1999, akiichezea Inter Milan dhidi ya Lecce, Ronaldo aliumia kano iliyo chini ya pia ya goti lake la kulia, akapasuliwa mjini Paris na daktari Gérard Saillant. Tarehe 12 Aprili 2000, miezi mitano kasoro baada ya kuumia, aliingizwa kipindi cha pili katika fainali ya Kombe la Italia, mkondo wa kwanza, dhidi ya Lazio. Alicheza dakika zisizofika kumi. Akaukokota mpira kuelekea lango, akaanza ile miguu yake ya kumchanganya beki, na goti likaachia bila ya kuguswa na mtu. Aliyeiona picha ile ya televisheni, akimshuhudia akilia huku ameshika goti kwa mikono miwili, hawezi kuisahau. Siwezi kudai kwamba angengoja miezi mitatu zaidi goti lingesalimika, kwani waliomtibu walikuwa mabingwa na mwili wa binadamu una siri zake. Ninachoweza kusema ni kwamba baada ya hapo hapakuwa na haraka tena. Msimu wote wa 2000/01 hakucheza hata mechi moja. Alikosekana kwa zaidi ya mwaka mzima, na ni baada ya mwaka huo ndipo alipokwenda Korea Kusini na Japani mwaka 2002 akafunga mabao 8, yakiwemo mawili ya fainali dhidi ya Ujerumani. Nusu hii ya pili ndiyo ambayo barazani haisimuliwi. Goti la pili, la kushoto, lilimkatikia mwezi wa Februari 2008 akiwa AC Milan, na hakuichezea tena klabu hiyo.

Wapo wengine ambao hawakurudi tena kama walivyokuwa. Michael Owen wa Liverpool alichanika nyama za nyuma ya paja mwezi wa Aprili 1999 akiwa na miaka 19 tu, na ingawa mwaka 2001 alitunukiwa Ballon d'Or, tuzo ya mwanasoka bora wa mwaka wa Ulaya, mwenyewe amesema zaidi ya mara moja kwamba tangu siku ile kasi yake haikuwa tena ile ile. Marco van Basten, mshindi wa tuzo hiyo mara tatu, alicheza mechi yake ya mwisho tarehe 26 Mei 1993, katika fainali ya klabu bingwa Ulaya mjini Munich, akiwa na miaka 28. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeshakwisha, na baada ya miaka miwili ya kujaribu kukitibu alitangaza kustaafu. Na wale wanaoona kwamba kumchoma mchezaji sindano ya kuua maumivu ili acheze fainali ni uungwana kwa timu, naomba wamsikilize Gabriel Batistuta wa Argentina, ambaye baada ya kustaafu mwaka 2005 alieleza hadharani kwamba vifundo vya miguu vilimuuma kiasi cha kumwomba daktari amkate miguu, na kwamba usiku alikuwa akijikojolea kitandani kwa kushindwa kuzikanyaga hatua chache za kwenda chooni.

Lakini hao walikuwa na akiba. Mshambuliaji wa Pemba akiumia huanguka na riziki yake yote, kwa sababu wengi wao hawaishi kwa posho ya mpira peke yake. Msimu wa karafuu ukiingia, kijana mwenye goti bovu hapandi mkarafuu, na asiyepanda hana pishi za kupimiwa jioni. Magunia ya bandarini pia hawezi kuyabeba. Mkataba wake, kama upo, ni karatasi moja yenye ada ya usajili na muda wa kuitumikia klabu, na haisemi neno juu ya nani atalipa nauli ya boti kwenda Unguja kupimwa, wala nani atalipa upasuaji endapo atatakiwa kuvuka hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Wiki ya kwanza kundi la WhatsApp la mashabiki huchangishana, na nawashukuru kwa hilo. Wiki ya nne kundi lile lile linajadili nani asajiliwe dirisha dogo kuziba nafasi yake.

Kuna na jambo la Kombe la Mapinduzi. Aghalabu mwezi wa Januari klabu kubwa za Bara huja kucheza, na kila kijana anajua kwamba pale ndipo anapoweza kuonekana. Nimewasikia kwa masikio yangu wakisema wataficha maumivu hadi mashindano yapite. Siwalaumu sana, kwa sababu mlango wenyewe hufunguka mara moja kwa mwaka. Wa kulaumiwa ni mwalimu na kiongozi anayejua kwamba kijana anaficha naye akaona afadhali asimuulize.

Nitajibiwa kwamba klabu zetu ni maskini, na ni kweli. Viingilio vya mlangoni havitoshi hata nauli ya timu. Hata hivyo, mengine hayahitaji fedha. Upo mtihani mwepesi ambao mwalimu yeyote anaweza kuufanya kwa futi ya fundi cherehani: mchezaji aliyemaliza matibabu aruke mbele kwa mguu mmoja na atue imara kwa mguu ule ule, apimwe umbali, kisha afanye hivyo hivyo kwa mguu wa pili. Mguu ulioumia ukishindwa kufika angalau sehemu tisa katika kumi za ule mzima, hayuko tayari, hata aseme nini. Haumalizi yote, kwani bado anahitaji daktari na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, lakini angalau unampa mwalimu kitu cha kuwaonesha viongozi zaidi ya maneno. FIFA nayo ilishatoa miaka mingi iliyopita mazoezi ya kupasha mwili yanayochukua kama dakika 20, na yamethibitika kupunguza majeraha kwa timu zinazoyafanya kila mara. Yanahitaji koni chache tu. Timu nyingi ninazoziona huku bado zinapasha kwa kuzunguka uwanja mara mbili, halafu wanaanza kupiga mashuti langoni, misuli ikiwa bado baridi.

Lililobaki linahitaji mamlaka. Tangu mwaka 2012 FIFA ina mpango wa kuzifidia klabu ambazo mchezaji wao anaumia akiwa na timu ya taifa na kukaa nje kwa zaidi ya siku 28 mfululizo. Mpango huo ni wa timu za taifa za wanachama wa FIFA, na Zanzibar si mwanachama. Hata ule uanachama kamili wa CAF, shirikisho la mpira la Afrika, tulioupata Machi 2017 tulinyang'anywa Julai mwaka ule ule. Kwa hiyo hakuna wa nje atakayekuja kututungia utaratibu. Naliomba Shirikisho la Mpira wa Miguu Zanzibar lisiipokee fomu ya usajili wa mchezaji wa Ligi Kuu mpaka iambatane na mkataba unaosema wazi kwamba mchezaji akiumia akiitumikia klabu, gharama za uchunguzi na matibabu ni za klabu, posho yake inaendelea hadi mkataba uishe, na hatorudi uwanjani bila ya karatasi iliyosainiwa na daktari ambaye si kiongozi wa klabu hiyo. Klabu zikiona mzigo ni mkubwa, zikae pamoja zianzishe mfuko mmoja, kila moja itoe sehemu ndogo ya viingilio na ya zawadi za mashindano. Ikiwa tunaweza kumpata mdhamini wa jezi, sioni kwa nini tushindwe kumwomba huyo huyo adhamini bima.

Kwako, Mhariri, na kwa waandishi wako wa michezo nina ombi dogo. Mnapoandika kwamba mshambuliaji fulani amepona na atakuwemo kikosini mwishoni mwa wiki, muulizeni msemaji wa klabu ameumia nini, amekaa nje kwa muda gani, na ni daktari gani aliyemruhusu kucheza. Na akishindwa kujibu, liandikeni hilo pia.

Wako,
Msomaji wa Wete,
Pemba