Njia ya kwa Mangi Meli iwekwe vibao

Mhariri,

Jumamosi iliyopita niliwapeleka wajukuu wangu wawili Old Moshi, yalikokuwa makao ya Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa huko. Daladala hadi Kiboriloni, kisha bodaboda kupanda mlima, migomba huku na huku. Dereva alipotea mara mbili, maana hatukuona kibao hata kimoja.

Tulisimama kwenye mti ambapo Wajerumani walimnyonga tarehe 2 Machi 1900, pamoja na wenzake 18. Huyu ndiye aliyewashinda vitani mwaka 1892, wakarudi na nguvu zaidi mwaka uliofuata. Mjukuu wangu wa darasa la tano akaniuliza, "Bibi, kaburi lake liko wapi?" Nilishindwa kumjibu. Kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake ungali unakisubiri.

Nawaomba wahusika waweke vibao kuanzia barabara kuu, na walimu wa shule za mjini wawapandishe watoto huko. Ni karibu mno kwa mtoto wa Moshi kukua bila kupaona.

Jioni tulishuka sokoni Kiboriloni, tukanunua ndizi mshare. Yule mdogo hakusema neno njia nzima.

Bibi wa Pasua,
Moshi