Rangi za magari ya jeshi la Australia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wenzangu wa Iringa na Mbeya wanaounda magari madogo ya mfano kwamba gari la jeshi la Australia halifai kupakwa kijani kitupu kabla ya kujua ni la miaka gani. Kifaru cha Centurion kilichopelekwa Vietnam mwaka 1968 kilikuwa kweli cha kijani, lakini Bushmaster, gari la deraya linaloundwa katika mji wa Bendigo, Australia, kwa kawaida lina mabaka ya rangi tatu: kijani cha zeituni, kahawia hafifu na nyeusi.

Hiyo nyeusi ndiyo inayoharibu kazi nyingi nzuri, kwani ikikolea hufunika maumbo yote ya bodi. Ichanganywe na kijivu kidogo. Kingo za mabaka nazo zisitawanyike, kwa sababu katika kipimo cha 1 kwa 35 milimita moja ya ukungu wa rangi ni sawa na sentimita tatu na nusu kwenye gari lenyewe.

Kwa magurudumu, vumbi jekundu la Mufindi likichekechwa kwa kitambaa chepesi linatosha kabisa, maana bara la ndani la Australia lina udongo mwekundu pia. Wenye maduka ya vifaa vya shule, tuleteeni brashi nyembamba.

Mpenzi wa magari ya mfano,
Iringa