Ugonjwa wa moyo kwa watoto ugunduliwe zahanati, tusisubiri Dar es Salaam

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ugonjwa wa moyo unaowapata watoto wetu wa Lindi na Mtwara, ambao mara nyingi tunaujua mtoto akiwa ameshazidiwa na familia inatafuta nauli ya kumpeleka Dar es Salaam.

Nina mpwa wa miaka 12, binti wa dada yangu, na kwetu sisi Wamwera mjomba hakai pembeni mtoto wa dada yake anapougua. Mwaka jana alianza kulala ameketi, mgongo ameuegemeza kwenye gunia la ufuta, kwa sababu kila alipojinyoosha alikosa pumzi. Miguu ilivimba hata viatu vya shule vikakataa kuingia. Nilichukua daftari lake la matibabu nikalisoma ukurasa kwa ukurasa. Ndani ya miaka miwili alikuwa amekwenda zahanati mara saba: mafindofindo mara tatu, malaria mara mbili, kisha maumivu ya magoti, na mwisho pumu. Anayeufahamu ugonjwa huu angeyaona yale mafindofindo yakifuatwa na yale magoti, akashtuka. Simlaumu muuguzi aliyeandika, kwani siku nyingi alikuwa peke yake na foleni ya akina mama imefika nje, na sidhani kama kuna aliyewahi kumfundisha kuyasoma mambo hayo mawili kwa pamoja.

Koo likishambuliwa na bakteria aina ya streptokoka lisitibiwe ipasavyo, baadhi ya watoto hupata homa ya baridi yabisi. Kinga ya mwili, ikiwa katika kupambana na bakteria hao, hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe, viungo vikauma kwa kuhamahama, leo goti na kesho kifundo, na valvu za moyo, yaani ile milango inayoruhusu damu ipite mbele bila kurudi nyuma, zikaanza kukakamaa au kushindwa kujifunga. Maumivu ya viungo hupoa baada ya wiki chache, nasi wazazi tunasema mtoto amepona, kumbe valvu zilizojeruhiwa zinabaki na kovu, na kila homa hiyo inaporudi huongeza jeraha jipya juu ya lile la zamani. Wanaoshambuliwa zaidi ni wenye umri wa miaka 5 hadi 15. Wasichana wengine hawajijui hadi wanapopata ujauzito, moyo unapozidiwa na kazi.

Mpwa wangu alipasuliwa na kuwekewa valvu ya bandia. Tunamshukuru Mungu na tunawashukuru madaktari. Ila nilichojifunza ni kwamba upasuaji haukumaliza safari: maisha yake yote atakunywa warfarini ili damu isigande kwenye valvu hiyo, na dawa hiyo inataka damu ipimwe mara kwa mara, kwa kuwa ikizidi anavuja damu na ikipungua anaweza kupooza. Barabara ya Lindi hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 450, na tunakumbuka Mei 2024 jinsi mvua na Kimbunga Hidaya zilivyoikata maeneo ya Somanga, magari yakalala njiani. Mgonjwa wa namna hii hawezi kutegemea barabara.

Najua Serikali haijakaa bure. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ipo Mtwara, na wataalamu wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete wamekuwa wakizunguka mikoani kwa utaratibu wa tiba mkoba. Hata hivyo kambi ya siku chache, hata ikiwa nzuri namna gani, haiwezi kumfuatilia mtoto anayetakiwa kuchomwa sindano ya benzathini penisilini, dawa ya kuua bakteria wale wa koo ili homa isirudi, kila baada ya wiki nne kwa miaka mingi. Na sindano hiyo ndiyo kinga yenyewe. Jirani zetu Uganda waliwapima watoto wa shule kwa ultrasaundi ya moyo, wakawapata wenye dalili za mwanzo ambao hawakuwa wanaumwa popote, kisha wakawafuatilia 818 kwa miaka miwili. Kwa matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021, ugonjwa ulisonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa sindano, na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Dawa yenyewe ni ya zamani na bei yake ni ndogo.

Kwa hiyo ninaloomba ni dogo kuliko jengo jipya. Kila halmashauri inunue walau mashine moja ndogo ya ultrasaundi ya moyo, ile inayobebeka kwenye begi na kuunganishwa na simu, ifuatane na huduma za mkoba za chanjo na kupita mashuleni. Wauguzi wafundishwe kuitumia kwa uchunguzi wa awali, na picha zinazotia shaka zitumwe kwa daktari bingwa. Mtoto akikutwa na tatizo aandikwe kwenye rejista ya zahanati ya kijijini kwao, na akikosa sindano mhudumu wa afya ngazi ya jamii amfuate nyumbani, kama tunavyowafuata wenzetu wanaotumia dawa za VVU. Utaratibu huo tunao, watu wake tunao, na umeokoa maisha. Hata hivyo wale ambao valvu zao zimeshaharibika sana waamuliwe na daktari, kwa kuwa kwa baadhi yao vidonge ni salama kuliko sindano.

Fedha zipo hapa hapa. Kila msimu wa korosho halmashauri zetu hukusanya ushuru wa mazao, na madiwani hukaa kupanga matumizi yake. Nawaomba madiwani wa Nachingwea, Ruangwa, Masasi na kwingineko waliingize jambo hili kwenye bajeti ijayo, pamoja na fungu la penisilini isiyokatika. Mpwa wangu anarudi darasani Januari. Darasa lao lina watoto zaidi ya 60 waliokuwa wakikohoa na kuumwa koo pamoja naye, na hakuna hata mmoja wao ambaye moyo wake umewahi kupimwa.

Mwalimu mstaafu,
Nachingwea, Lindi