Aliyepandikizwa figo apimwe kiuno pia

Mhariri,

Tangu Muhimbili ifanye upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018, magazeti yetu yameandika sana kuhusu upasuaji wenyewe. Ni habari njema. Ila miaka anayoishi mgonjwa baada ya hapo haisemwi, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Mtu aliyekondeshwa na ugonjwa, akipata figo na kuanza kunenepa, majirani humsifu: "Sasa umenawiri!" Kliniki nako mzani unaonyesha kilo zimepanda, ndugu wanafurahi. Kilo hizo ni za nini? Predinisoloni, dawa anayomeza ili mwili usiikatae figo, huongeza hamu ya kula na hujaza mafuta usoni na tumboni, huku ikila misuli ya mapaja na mabega. Mzani hautofautishi mafuta na misuli.

Nchini Hungary walifuatiliwa watu 993 waliopandikizwa figo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Kwa wenye uzito unaolingana, kadiri kiuno kilivyokuwa kipana ndivyo hatari ya kufa ilivyoongezeka. Lakini kwa wenye kiuno kinacholingana, waliokuwa wazito zaidi kwa kimo chao ndio walionusurika kifo zaidi. Uholanzi nao, mwaka 2008, waliripoti kuhusu watu 604: wenye misuli haba walikufa zaidi, na figo zao zilishindwa zaidi.

Kuna jambo jingine linalonitia hofu. Kreatinini, taka ya kwenye damu inayochujwa na figo, ambayo tunaipima kujua hali ya figo, hutoka kwenye misuli. Misuli ikipungua, kreatinini nayo hushuka, na majibu ya maabara yakaisifu figo kuliko inavyostahili.

Naomba basi kila kliniki iwe na futi ya kupimia kiuno, kama ile ya fundi cherehani, na mgonjwa atazamwe anavyoinuka kitini bila kujishikilia, ili nguvu za misuli yake zijulikane. Aonane mapema na mtaalamu wa lishe na wa mazoezi ya viungo. Wengi huambiwa tu "punguza kula", wakaacha maharage na samaki, wakabaki na ugali na chai ya sukari. Kitambi hakiondoki hivyo. Inayoondoka ni misuli. Vipimo hivi viandikwe kwenye faili la mgonjwa kila anapohudhuria, kando ya uzito na shinikizo la damu.

Muuguzi mstaafu,
Dodoma