Ukaguzi wa mambo ya kale usiishie kwenye daraja

Mhariri,

Kila linapotajwa suala la wanaakiolojia kukagua eneo kabla ya daraja kukarabatiwa, hujitokeza mtu wa kusema kwamba aliyelijenga alishachimba, hivyo hakuna kilichobaki cha kuharibika. Kwa msingi wa nguzo zenyewe, huenda ni kweli. Lakini ukarabati unahitaji barabara ya mchepuko, uwanja wa mitambo na kokoto, na mahali pa kuchimba kifusi. Huko ndiko kwenye ardhi ambayo pengine haijawahi kuguswa, na buldoza likiingia, vigae vya vyungu na majivu ya meko ya kale huparuliwa kwa asubuhi moja.

Tena watu huvuka mto panapovukika, kizazi baada ya kizazi. Chini ya daraja la zege huenda liliwahi kuwapo la mawe au la mbao, na kabla yake kivuko cha mitumbwi. Jijini London, jirani na daraja la Vauxhall, mwaka 1993 zilionekana nguzo za mbao zilizokitwa kwenye tope la mto Thames yapata mwaka 1500 kabla ya Kristo. Tope ndilo lililozitunza, kwa kuwa pasipo hewa mbao haziozi upesi. Mkandarasi akizungushia ukuta wa muda na kuvuta maji ili afikie msingi, mbao za namna hiyo zinaweza kukauka na kupasuka bila hata kuguswa na koleo.

Mto huohuo una kisa kingine. Baada ya daraja kongwe la London kubomolewa miaka ya 1830, kokoto zilizochotwa mtoni zilipelekwa kutengenezea njia za kando ya mto upande wa juu, hadi Hammersmith na Barnes. Sarafu za Kirumi zikawa zinaokotwa njiani, mbali na zilikodondokea. Sarafu iliyohamishwa hivyo bado ni sarafu, ila haiwezi tena kutuambia nani alivuka wapi.

Kuna pia madaraja ambayo yenyewe ndiyo kumbukumbu. Pale Trier, Ujerumani, magari hupita hadi leo juu ya nguzo za Kirumi za karne ya 2. Fundi akiziba nyufa za mawe ya kale kwa saruji ngumu badala ya chokaa, unyevu hunaswa ndani na jiwe huanza kumomonyoka. Huo nao ni uharibifu, ingawa kwenye ripoti utaandikwa matengenezo.

Sisemi kila kazi isubiri mwanaakiolojia. Kupaka rangi vyuma au kuweka lami mpya juu kuendelee tu. Marekani, ambako sheria ya mwaka 1966 huzitaka taasisi za serikali kuu kupima athari za miradi yao kwa urithi wa kihistoria, kazi ndogo za aina hiyo huweza kuondolewa kwenye mlolongo mrefu kwa makubaliano maalumu.

Ninachotaka ni mkaguzi apewe ramani ya eneo lote la kazi, pamoja na mchepuko na machimbo, kabla zabuni haijatangazwa. Mkandarasi akishaingia, kila siku ya kusimama ina gharama, na hakuna atakayethubutu kusimamisha mashine. Mkataba nao useme wazi nani ana mamlaka ya kuisimamisha kitu kikionekana shimoni, na nani atalipia siku hizo.

Msomaji wako